Kuendesha roboti ya mbali bila mikono: inavyofanya kazi, na inavyoweza kutufaa kandokando ya Ziwa Victoria

Mtu aliyepooza kuanzia shingoni anaweza leo kuendesha mashine iliyo katika mji mwingine, akaona kile ambacho mashine hiyo inakiona, akazungumza na watu waliosimama mbele yake, na hata kuwapelekea vikombe vya kahawa. Haigusi kwa mkono. Anaiamuru kwa macho, kwa sauti, kwa kichwa au kwa pumzi.

Kwa msikilizaji wa Ukerewe, Sengerema au Magu hili laweza kusikika kama habari ya sinema. Lakini anga la Mwanza limekwishapitiwa na mashine zinazotumwa kazi kutoka mbali, na baadhi ya njia za kuamuru mashine bila mikono zimo ndani ya simu janja ambazo watu wetu wanazo tayari. Makala hii inaeleza teknolojia hiyo ni nini, inafanya kazi vipi, imefika wapi, na mtu wa kijijini anaweza kuanza nayo wapi.

Maneno matatu ya kujua kwanza

Roboti ya uwepo wa mbali ni mashine yenye kamera, maikrofoni, spika na mara nyingi magurudumu. Anayeiendesha yuko kwingine. Kupitia intaneti anaona na kusikia yaliyo mahali roboti ilipo, na watu wa huko wanamsikia yeye. Tofauti yake na kupigiana simu ya video ni kwamba mwenye simu ya video hutegemea mtu mwingine amgeuzie kamera. Mwenye roboti hugeuka na kwenda mwenyewe.

Uendeshaji wa kuzama ni pale mwendeshaji anapovaa miwani ya kidijitali inayoziba macho yote. Akigeuza shingo kulia, kamera ya roboti nayo inageuka kulia. Anajihisi kama yuko pale pale.

Kiolesura ni ile sehemu ambayo mtu na mashine hukutana ili amri ipite. Usukani wa gari ni kiolesura, na vitufe vya simu ni kiolesura. Kiolesura kisichotumia mikono ni kile kinachopokea amri kwa njia nyingine yoyote ya mwili.

Wazo si geni

Fundi cherehani anayekanyaga pedeli amekuwa akiendesha mashine bila mikono kwa miaka mingi. Mikono yake imeshika kitambaa na miguu ndiyo inayoamuru mwendo. Mtu hutafuta njia nyingine ya mwili pale mikono inapokuwa na kazi, au inapokuwa haiwezi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mvumbuzi Mwingereza Reg Maling alikuwa akiwatembelea wagonjwa waliopooza katika hospitali ya Stoke Mandeville. Alitengeneza kifaa kilichoitwa Possum. Mgonjwa alivuta au kupuliza hewa kwenye mrija mdomoni, na kwa kufanya hivyo aliweza kuwasha taa, kumwita muuguzi au kupiga taipu. Mwaka 1980 mwanasayansi wa Marekani Marvin Minsky aliandika juu ya siku ambayo mtu atafanya kazi mahali asipokuwapo kwa kutumia mashine, akaliita wazo hilo uwepo wa mbali. Mawazo haya mawili, la mrija na la mashine ya mbali, ndiyo yaliyokutana katika teknolojia tunayoizungumzia.

Njia za kuamuru bila mikono

Kila mwili una kitu kinachobaki. Kazi ya mtaalamu ni kutafuta kilichobaki kwa mtu huyu, kisha kukifanya kiwe usukani.

Sauti. Mtu anatamka "mbele", "simama", "geuka kushoto", na programu inageuza maneno kuwa amri. Ni rahisi kujifunza na haihitaji kifaa zaidi ya maikrofoni. Udhaifu wake ni kelele. Kando ya mashine ya kusaga, au mwaloni wakati injini za mitumbwi zinanguruma, neno "simama" laweza lisisikike. Nayo haimfai aliyepoteza usemi.

Kichwa na uso. Kamera ya kawaida inafuatilia pua, nyusi au mdomo. Ukiinamisha kichwa kulia, roboti inaelekea kulia. Ukifungua mdomo, inasimama. Njia hii huwafaa wenye shingo nzima lakini mikono isiyo na nguvu.

Macho. Kifaa hutupa mwanga usioonekana kwenye jicho, kamera inasoma mwanga huo unavyorudi, na kompyuta inajua mtu anatazama wapi kwenye skrini. Kuchagua kitu, mtu hukikazia macho kwa muda mfupi, mfano sekunde moja. Tatizo lake ni la maumbile: kazi ya macho ni kuona. Kama kila unachokitazama kinageuka kuwa amri, roboti itakwenda kila unapochungulia. Ndiyo maana mifumo mizuri huweka sehemu ya skrini ambayo ukiitazama hakuna kinachotokea, ili jicho lipumzike.

Pumzi. Mrija wa mdomoni bado unatumika. Katika mpangilio mmoja unaotumika sana kwenye viti mwendo vya umeme, kupuliza kwa nguvu ni kwenda mbele, kuvuta kwa nguvu ni kurudi nyuma, kupuliza taratibu ni kulia na kuvuta taratibu ni kushoto. Amri ni nne tu, lakini mtu hufika aendako.

Swichi moja. Kwa mwenye uwezo wa kusogeza kitu kimoja tu, mfano kidole cha mguu au shavu, skrini hupitisha machaguo moja baada ya jingine, naye hubonyeza lile alitakalo likifika. Mwanafizikia Stephen Hawking wa Uingereza aliandika na kuzungumza kwa miaka mingi kwa namna hii. Kihisi kidogo kwenye miwani yake kilisoma msuli wa shavu.

Ubongo. Kofia yenye vihisi husoma umeme mdogo sana unaotoka kwenye ubongo mtu anapowaza, kwa mfano, kusogeza mkono wa kushoto. Njia nyingine ni kuweka kihisi ndani ya fuvu kwa upasuaji. Mwaka 2012 watafiti wa mradi wa BrainGate wa Marekani walitangaza kwamba mwanamke aliyekuwa amepooza kwa takribani miaka 15 kutokana na kiharusi aliongoza mkono wa roboti kwa mawazo yake, akajiletea chupa ya kahawa mdomoni na kunywa. Hiyo ni kazi ya maabara na hospitali kubwa. Si bidhaa ya dukani.

Kwa nini amri chache zinatosha

Mtu mwenye mikono miwili hutoa amri nyingi ndani ya dakika moja bila hata kufikiri. Mwenye mrija, swichi au kofia ya ubongo hutoa chache, na kila moja inamchosha. Akitakiwa kuongoza kila hatua ya gurudumu, atachoka kabla ya kufika mlangoni.

Fikiria bibi aliyeketi katikati ya mtumbwi. Hana kasia. Anamwambia mpiga kasia, "Nipeleke Ukara." Wimbi likija, mpiga kasia anajua la kufanya. Mwamba ukitokea, anaukwepa bila kuuliza. Lakini safari ni ya bibi, na akisema "Hapana, turudi," wanarudi.

Roboti nzuri ya kuendeshwa bila mikono imejengwa hivyo. Mtu anachagua mwelekeo au mahali, na vihisi vya roboti vinakwepa viti, ngazi na watoto. Wataalamu huita hali hii udhibiti wa pamoja: mtu ana nia, mashine ina hatua.

Jaribio moja linaonyesha vizuri. Katika chuo kikuu cha EPFL cha Lausanne, Uswisi, kundi la Profesa José del R. Millán liliwaalika watu 19, wakiwemo 9 wenye ulemavu mkubwa wa viungo. Walivaa kofia za kusoma ubongo wakiwa Uswisi, Ujerumani na Italia. Kwa mawazo yao, kupitia intaneti, waliendesha roboti iliyokuwa ndani ya maabara Lausanne. Roboti ilikuwa na kamera, na sura ya mwendeshaji ilionekana kwenye skrini yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Waliopooza waliiendesha vizuri kwa kiwango kinachokaribiana na cha wasio na ulemavu, na mafunzo yalichukua chini ya siku 10. Siri ilikuwa ule udhibiti wa pamoja. Roboti yenyewe ilikwepa vizuizi, hata pale mtu hakuviona.

Tulichokiona Mwanza

Roboti za uwepo wa mbali zinazoendeshwa kwa macho bado si kitu cha kawaida katika kanda yetu. Lakini kanuni ile ya "mtu anatoa nia, mashine inachukua hatua" imejaribiwa juu ya maji yetu wenyewe.

Mwaka 2018 kampuni ya DHL, watengenezaji wa droni Wingcopter wa Ujerumani na shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ walitangaza matokeo ya jaribio la miezi 6 la kupeleka dawa Ukerewe kwa ndege isiyo na rubani. Ndege ilisafiri kilometa 60 kutoka bara hadi kisiwani kwa wastani wa dakika 40. Kwa maelezo ya wahusika wa mradi, njia ya barabara ni kilometa 240 na huchukua saa 6. Jumla ya kilometa 2,200 zilirukwa. Ndege hiyo ilipaa na kutua wima kama helikopta, hivyo haikuhitaji uwanja.

Hakuna aliyekaa na kuishikilia usukani kwa dakika zote 40. Njia iliwekwa kabla, ndege ikaifuata yenyewe, na watu wakafuatilia. Oktoba mwaka huohuo wa 2018, Mwanza ilikuwa mwenyeji wa mkutano na majaribio ya droni yaliyoitwa Lake Victoria Challenge, yakiungwa mkono na Benki ya Dunia, na droni ziliruka kuelekea Kisiwa cha Juma.

Kwa nini ziwa hili? Wilaya ya Ukerewe ni visiwa 38, na sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 345,147. Dhoruba ikichafuka, kivuko hakiondoki. Dawa inayosubiri Mwanza haimsaidii mgonjwa wa Nansio au Ukara. Na kama umbali wa maji unazuia kifurushi cha dawa, unamzuia zaidi mtu asiyeweza kutembea. Kwa mzima, kupanda kivuko ni usumbufu. Kwa aliyepooza ni kubebwa mgongoni, kupandishwa ubaoni na kushushwa tena, mbele za watu.

Mkahawa unaohudumiwa na watu walio vitandani

Mahali ambapo teknolojia hii imekuwa kazi ya kila siku yenye mshahara ni Tokyo, Japani. Kampuni ya OryLab ilianzishwa na Ory Yoshifuji, ambaye utotoni ugonjwa ulimfanya akose shule kwa takribani miaka 3 na nusu. Alitengeneza roboti ndogo iitwayo OriHime ili mtu aliyefungiwa ndani awepo mahali pengine. Baadaye alitengeneza OriHime-D, yenye urefu wa sentimeta 120 hivi, inayoweza kubeba vinywaji.

Mwaka 2018 mkahawa wa majaribio ulifunguliwa, na Juni 2021 ule wa kudumu, uitwao DAWN, ulianza kazi eneo la Nihonbashi. Wahudumu wake ni roboti, na nyuma ya kila roboti yuko mtu: mwenye jeraha la uti wa mgongo, mwenye ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoongoza misuli, au mlezi asiyeweza kutoka nyumbani. Wanaitwa marubani. Wapo wanaotumia macho peke yake. Mteja akiagiza, anayemjibu ni mtu halisi aliyelala kitandani, labda mamia ya kilometa mbali. Mwisho wa mwezi anapokea malipo.

Hapa ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Kijijini kwetu, aliyeanguka mwembeni au kutupwa na bodaboda na kuvunjika shingo mara nyingi huhesabiwa kuwa amemaliza. Hulishwa, husafishwa, huombewa, lakini haulizwi neno kuhusu shamba, ada ya mtoto au kikao cha ukoo. Akili yake ni ileile ya jana. Kilichokatika ni njia ya kutoka akilini kwenda mkononi. Kiolesura kinajenga njia nyingine.

Si kwa wenye ulemavu peke yao

Muuguzi wa zahanati anayemzalisha mama usiku ana mikono miwili yenye glavu, na yote ina kazi. Hawezi kushika simu. Kama kamera iko kifuani au kwenye stendi, na anaweza kusema "piga" au kukanyaga kitufe kwa mguu, daktari aliye mjini anaweza kuona na kumwelekeza hatua kwa hatua.

Mwanza ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo huhudumia mikoa ya Kanda ya Ziwa. Wataalamu wa fani nyingi wamejikusanya pale juu ya kilima, huku zahanati za visiwani zikiwa na watumishi wachache. Kuuleta uwepo wa mtaalamu ni rahisi kuliko kumleta mtaalamu mwenyewe katika kila kisa.

Jirani zetu Rwanda wameonja faida nyingine. Mei 2020, wakati wa Uviko-19, nchi hiyo ilipokea roboti 5 zilizotengenezwa na kampuni ya Zora Bots ya Ubelgiji, kwa msaada wa UNDP. Zilipima joto la mwili na kusaidia kufuatilia wagonjwa, ili wahudumu wasikae karibu na maambukizi bila sababu. Hapo umbali wenyewe ulikuwa dawa.

Vikwazo vya kweli

Mtandao. Amri huenda, picha hurudi, na safari hiyo ina muda wake. Satelaiti za zamani zinazokaa juu ya ikweta ziko takribani kilometa 36,000 kutoka ardhini. Amri ikipanda na kushuka, kisha picha ikipanda na kushuka, ni kama kilometa 144,000. Hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde. Roboti inayokwenda mita 1 kwa sekunde itakuwa imesogea nusu mita kabla hujaona kilichotokea. Nusu mita inatosha kugonga jiko lenye sufuria. Mitandao ya simu na mkongo wa taifa huchelewesha kwa muda mfupi kuliko huo mtandao ukiwa mzuri, lakini mtandao unaokatika ni hatari kuliko unaochelewa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya usalama ni hii: mawasiliano yakikatika, roboti isimame yenyewe.

Kizunguzungu. Ukivaa miwani ya kuzama na kugeuza shingo, halafu picha ikachelewa kugeuka, ubongo hupokea habari mbili zinazopingana. Matokeo ni kichefuchefu, kama mtu asiyezoea ziwa akipanda mtumbwi siku ya mawimbi. Mtandao ukiwa dhaifu, skrini ya kawaida ni bora kuliko miwani.

Jua. Vifaa vya kusoma macho hutegemea mwanga usioonekana, na jua letu lina mwanga huohuo kwa wingi. Ndani ya nyumba vinafanya kazi vizuri kuliko barazani saa sita mchana.

Lugha. Programu ya sauti husikia vizuri aina ya sauti ilizofunzwa nazo. Mzee wa Kikerewe, Kijita au Kisukuma anayetamka "kurara" badala ya "kulala", au "lasi" badala ya "rasi", aweza kueleweka na kila mtu sokoni na bado asieleweke na mashine. Google iliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, na mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili zinazotolewa kwa hiari. Sauti za watu wa ziwani zikiongezeka humo, mashine zitaanza kutusikia.

Umeme na bei. Roboti nyingi za uwepo wa mbali zinazouzwa hugharimu maelfu ya dola za Marekani. Betri zake zinahitaji kuchajiwa kila siku, na kipuri kikiharibika hakipatikani Makoroboi. Kwa kaya moja kijijini huo si mpango wa leo. Kwa hospitali, chuo au shule maalumu unaweza kuwa.

Faragha. Roboti ina jicho na sikio. Ikiingia wodini inaona wagonjwa wengine. Ikiingia nyumbani inaona kila kitu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume inayoisimamia. Picha ya mgonjwa ni taarifa binafsi. Mwenye kamera anapaswa kuomba ridhaa na kueleza picha zinahifadhiwa wapi. Kwa droni kuna sharti jingine: kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Unachoweza kuanza nacho kwa simu

Huhitaji roboti ili kuanza. Mtu akishazoea kuamuru simu kwa uso au sauti, ujuzi huohuo ndio atakaoutumia siku roboti ikifika. Na simu yenyewe tayari inamrudishia mengi: kupiga, kuandika, kusikiliza redio, kufuatilia fedha zake.

Kwenye simu za Android, fungua Mipangilio kisha tafuta sehemu ya Ufikivu. Kwenye simu zenye Kiingereza husomeka "Accessibility". Kuanzia toleo la Android 12 la mwaka 2021, simu inaweza kuongozwa kwa ishara za uso: kutazama kushoto, kulia au juu, kutabasamu, kuinua nyusi na kufungua mdomo. Ishara hizi hazitegemei lugha, kwa hiyo asiyejua Kiingereza hazuiliki.

Kwenye simu za iPhone, kuongoza kwa sauti kulikuja mwaka 2019, na kuongoza kwa macho kulikuja na iOS 18 mwaka 2024 kwa baadhi ya simu za karibuni. Kabla ya kutegemea kuongoza kwa sauti, kagua kama Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha za simu yako.

Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili: kwenye kibodi ya Google, bonyeza alama ya maikrofoni kisha sema. Jaribu sentensi fupi kwanza, mahali patulivu.

Mambo manne ya kumsaidia anayeanza:

1. Iweke simu kwenye stendi imara usawa wa uso wake. Kipande cha mbao chenye mfereji kinatosha. Simu inayotikisika haisomi uso.

2. Mwanga umpige usoni, usitoke nyuma yake. Mkalishe akitazama dirisha.

3. Anza na dakika 10 kwa siku. Shingo na macho huchoka kama misuli mingine. Akilalamika maumivu, acha.

4. Mwulize yeye ishara ipi imfae. Anayeujua mwili wake ni yeye, si mtoto wa jirani anayejua simu.

Simu ya vitufe haina uwezo huu. Lakini hata yenye spika ikiwekwa karibu humwezesha aliyepooza kuzungumza bila kushika, mradi mtu amsaidie kupokea.

Maswali ya kuuliza mradi ukifika kwenu

Miradi ya teknolojia huja na magari mazuri na huondoka haraka. Viongozi wa kijiji na familia wana haki ya kuuliza: Mtandao ukikatika, mashine inafanya nini? Nani atalipia bando baada ya mradi kuisha? Fundi wa kuitengeneza yuko wapi, na kipuri kinatoka wapi? Picha zinazochukuliwa zinakwenda wapi? Mtumiaji mwenyewe ameshirikishwa kuchagua njia ya kuamuru? Na akichoka, anaizima vipi bila mikono?

Swali hilo la mwisho husahaulika mara nyingi. Mtu asiyeweza kuizima mashine haiendeshi, bali anaendeshwa nayo.

Pa kupata msaada

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kupata huduma, elimu, kazi na mawasiliano. Anzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au vyama vya watu wenye ulemavu vilivyo chini ya shirikisho la SHIVYAWATA. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Kikundi chenye shughuli ya kuingiza kipato kinaweza kuuliza kama simu janja na stendi zake vinaingia kwenye vifaa vya kazi.

Kwa aliyepata kiharusi au jeraha la shingo, mtangulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini kabla ya kifaa chochote. Huenda mkono unaodhaniwa umekufa bado una kidole kimoja kinachosogea. Kidole kimoja ni swichi moja, na swichi moja, kama tulivyoona, inatosha kuanzia.